Wimbo Mmoja, Bidhaa Mbili

Haya ni maneno ya mazungumzo yaliyotolewa na mwandishi wetu mbele ya walimu na watumishi wa serikali.



Nilipoombwa nije kuzungumza nanyi juu ya vijana na utamaduni wa kigeni, nilifahamu kinachotarajiwa. Msemaji hupanda jukwaani, akalaani muziki wa roki, akalaani sinema za bunduki na mapanga, akawaasa wazazi wawe macho, kisha akapigiwa makofi akaketi. Mazungumzo ya namna hiyo yamekwisha kutolewa mara nyingi katika nchi yetu, na vijana hawakuacha kutazama. Kwa hiyo nimeomba ruhusa nizungumze juu ya jambo dogo zaidi, jambo ambalo huchukua dakika tatu au nne tu. Ni ile picha ya video ya wimbo wa roki ambayo ndani yake mmetiwa vipande vya sinema ya mapigano. Nataka tuifungue jinsi fundi anavyofungua saa, tuone kila gurudumu linasukuma nini, na tuulize ni nani aliyelipa na ni nani aliyelipwa.

Nitachukua mfano mmoja na kukaa nao kwa kitambo. Nimeuchagua kwa sababu mhusika wake mkuu alizaliwa Unguja.

Farrokh Bulsara alizaliwa Zanzibar tarehe 5 Septemba, 1946, katika familia ya Waparsi. Baba yake alikuwa mtunza fedha katika serikali ya kikoloni, kwa hiyo baadhi yenu mlioketi hapa mna haki ya kumhesabu kuwa mtoto wa mtumishi mwenzenu. Alipelekwa shule ya bweni Uhindini, akarudi Unguja, na mwaka 1964 familia yake ikahamia Uingereza. Huko, mwaka 1970, yeye na wenzake walianzisha bendi iliyoitwa Queen, naye akajipa jina la Freddie Mercury. Alifariki tarehe 24 Novemba, 1991. Tangu mwaka 2019 Mji Mkongwe una jumba la makumbusho lenye jina lake, na wageni wanalipa kiingilio kuona mahali alipoanzia. Hata huku kulipa kiingilio ni sehemu ya habari yangu, kama mtakavyoona.

Bendi hiyo ilitambua mapema thamani ya picha. Mwaka 1975 walitengeneza video ya wimbo wao "Bohemian Rhapsody" katika studio za Elstree, kando ya London, kwa muda wa saa chache tu. Wimbo wenyewe ulikuwa mrefu na wenye sauti nyingi zilizopangwa juu ya nyingine, hata usingeweza kupigwa vizuri jukwaani katika kipindi cha televisheni. Badala ya kwenda wao wenyewe studioni kila juma, walipeleka kanda. Wimbo ulikaa nambari ya kwanza Uingereza kwa majuma tisa. Wakubwa wa kampuni za santuri, ambao si watu wa kulala, walielewa mara moja. Mwanamuziki ni mmoja na anachoka, bali kanda haichoki wala haidai posho ya safari.

Miaka sita baadaye, tarehe 1 Agosti, 1981, kilifunguliwa Marekani kituo cha televisheni kiitwacho MTV, ambacho kazi yake ilikuwa kuonyesha video za nyimbo mchana na usiku. Naomba tuutazame kwa makini mpango wake wa fedha. Kampuni za santuri zilikipatia kituo video bure, kwa kuwa kila video inapoonyeshwa inatangaza santuri. Kituo nacho kiliuza nafasi zilizo baina ya video kwa watengenezaji wa bidhaa nyingine. Hivyo kijana aliyeketi mbele ya televisheni alitazama tangazo, kisha tangazo, kisha tangazo, naye aliamini kwamba anatazama muziki na mara chache tu anakatizwa. Nani basi alilipia video hizo? Aghalabu kampuni ya santuri hutanguliza gharama, kisha huzikata, zote au sehemu, katika malipo ya mwanamuziki mwenyewe. Mtu analipia tangazo la kazi yake kwa jasho la kazi hiyo hiyo. Sisi tuliosoma habari za mkulima wa mkonge anayekatwa gharama za shamba la bwana hatuhitaji maelezo marefu hapo.

Watu wa sinema walikuwa na shida tofauti. Kutangaza sinema katika televisheni ni gharama kubwa, na tangazo lenyewe ni la nusu dakika. Walipoona kwamba kituo kizima kinaonyesha kanda za dakika nne, tena bure, tena mara nyingi kwa siku, kwa vijana wale wale wanaojaza majumba ya sinema, hawakuchelewa kubisha hodi. Sharti lilikuwa moja tu, kwamba pawepo wimbo. Kama wimbo upo na mwimbaji anaonekana, vipande vya sinema vinaweza kupita katikati yake bila kudaiwa senti.

Sasa niingie katika mfano wangu. Video ya kwanza kabisa kuonyeshwa na MTV ile siku ya ufunguzi ilikuwa ya bendi ya The Buggles, na mwongozaji wake alikuwa kijana wa Australia aitwaye Russell Mulcahy. Mwaka 1986 Mulcahy huyo huyo alitoa sinema ya mapanga iitwayo "Highlander". Habari yake ni ya Connor MacLeod, mtu wa milima ya Scotland aliyezaliwa mwaka 1518, ambaye hafi isipokuwa akikatwa kichwa, na ambaye anapigana na wenzake wa namna hiyo hadi New York ya siku zile. Mchezaji mkuu alikuwa Christopher Lambert, na mwalimu wake wa upanga alikuwa Sean Connery. Sehemu ya fedha za sinema hiyo ilitoka katika kampuni ya Thorn EMI ya Uingereza. Na santuri za Queen zilikuwa zikitolewa na nani? Na EMI, tawi la kampuni hiyo hiyo. Ukipita mlango wa mbele unaona duka la sinema, ukipita mlango wa nyuma unaona duka la santuri, na mwenye nyumba ni mmoja.

Nisieleweke vibaya. Wanamuziki hawakuburutwa. Bendi iliombwa wimbo, ikaonyeshwa vipande vya sinema, ikavutiwa, na mwishowe nyimbo sita zilizohusiana na sinema hiyo zikaingia katika santuri yao ya mwaka ule, "A Kind of Magic", yenye nyimbo tisa. Mmoja wao, mpiga gitaa Brian May, alitunga wimbo wa majonzi kutokana na sehemu ambayo mke wa MacLeod anazeeka na kufa mikononi mwa mumewe asiyezeeka. Nitaurudia wimbo huo baadaye, maana ndio kiini cha malalamiko yangu.

Wimbo wa kufungulia sinema, "Princes of the Universe", aliutunga Mercury. Video yake ilipigwa mwezi wa Februari, 1986, katika studio zile zile za Elstree, na mwongozaji alikuwa Mulcahy mwenyewe. Bendi imesimama juu ya paa la usiku, moshi na mwanga wa buluu nyuma yao, na juu yao yameandikwa maneno Silvercup. Paa hilo ndilo lililojengwa kwa ajili ya pambano la mwisho la sinema. Kwa hiyo bendi haikuhitaji kujenga jukwaa, na sinema haikuhitaji kubuni tangazo. Wapiga muziki wanapiga, na kila ngoma inapolia inakatizwa kwa kipande cha sinema, upanga, farasi, cheche za moto. Kisha, katikati ya wimbo, Lambert anatokea juu ya paa akiwa katika mavazi ya MacLeod, anamwinulia Mercury upanga, naye Mercury anaukinga kwa ile fimbo yake ya kipaza sauti. Wanapambana kwa muda mfupi.

Tukitulie kipande hicho, kwani humo ndimo mkataba wote ulimo. Tangazo la kawaida husema: nunua sabuni hii. Kipande hiki hakisemi kitu. Kinaonyesha mwimbaji ambaye ni shujaa wa sinema kwa nukta chache, na shujaa wa sinema ambaye ni mgeni katika bendi. Anayempenda Mercury anaondoka na uso wa Lambert kichwani, na anayependa mapanga anaondoka na sauti ya Mercury sikioni. Kila mmoja amemwazima mwenzake wafuasi wake, na wafuasi hao hawakuulizwa.

Je, biashara ilifaulu? Hapa hesabu inapendeza. Huko Marekani "Highlander" ilianguka vibaya. Mapato yake katika majumba ya sinema hayakufikia dola milioni 6, hali gharama za kuitengeneza zilikuwa kubwa zaidi ya hapo mara mbili na ushei. Santuri ya Queen, kwa upande wake, ilifika nambari ya kwanza Uingereza mwezi wa Juni mwaka ule ule. Tena haikuitwa santuri ya sinema. Aliyetaka nyimbo za "Highlander" hakuwa na budi kununua santuri ya Queen. Mtangazwaji mmoja alizama na mwingine akaelea, ingawa walikuwa ndani ya jahazi moja. Lakini jahazi halikuishia hapo. Sinema ilipata watazamaji wake polepole kwa kanda za video za majumbani, zikafuata sinema nyingine za mfululizo huo, na kuanzia mwaka 1992 hadi 1998 kikawako kipindi cha televisheni chenye jina hilo hilo, ambacho kilifunguliwa kwa wimbo ule ule wa Mercury. Tangazo la majuma machache liligeuka kuwa wimbo wa taifa wa nchi isiyokuwako.

Wahenga walisema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika biashara hii methali imevurugika, kwa kuwa kizuri na kibaya vyote hujitembeza, tena kwa mavazi yale yale. Arnold Schwarzenegger ametupa ushahidi wa pande zote mbili. Mwaka 1991 bendi ya Guns N' Roses ilitoa video ya wimbo "You Could Be Mine" pamoja na sinema yake ya "Terminator 2". Humo yule mtu wa chuma anatumwa kwenye onyesho la bendi, anawapima wanamuziki mmoja mmoja kwa macho yake ya mashine, kisha anaamua kwamba kuwaua ni kupoteza risasi bure. Wimbo ulitoka Juni, sinema ikatoka Julai, santuri ikatoka Septemba. Tazameni mpangilio huo wa miezi. Kila bidhaa iliachiwa nafasi ya kumtangulia mwenzake na kumfungulia mlango. Sinema iliyogharimu kiasi cha dola milioni 100 ilirudisha zaidi ya milioni 500 duniani kote, na santuri ikaingia moja kwa moja nambari ya kwanza Marekani.

Miaka miwili baadaye dawa ile ile ilitumika tena. Bendi ya AC/DC ilipiga "Big Gun" kwa ajili ya "Last Action Hero", na Schwarzenegger akaonekana katika video amevaa kaptula na kofia ya mwanafunzi, akimwiga mpiga gitaa Angus Young. Ni kichekesho kizuri, nami nakiri nilicheka. Wimbo ulishika nafasi ya kwanza katika orodha ya nyimbo za roki za redio za Marekani. Sinema ilitolewa tarehe 18 Juni, 1993, juma moja baada ya "Jurassic Park", ikamezwa na wale mijusi wakubwa. Kwa hiyo si kweli kwamba vijana ni vikapu vitupu ambavyo mfanyabiashara anavijaza apendavyo. Walicheka na video, wakanunua wimbo, wakakataa sinema. Nawaomba ndugu walimu mkumbuke jambo hilo kabla ya kumchapa mtoto kwa kosa la kutazama.

Nami nina ushahidi wangu mdogo. Nilipokuwa shule ya msingi, mtaani kwetu palikuwa na kibanda cha video. Kabla ya sinema kuanza, mwenye kibanda alikuwa akiweka nyimbo ili wapita njia wasikie na mabenchi yajae. Wimbo mmoja ulikuwa huo wa mtu wa chuma. Hatukujua jina la bendi, wala maneno yake, wala kwamba palikuwa na mkataba baina ya kampuni mbili. Tulimjua "Anold" tu, na tulipomwona tulikimbilia kutafuta sarafu. Yule mzee hakuwahi kuandikiwa barua na mtu yeyote wa California, lakini aliitumia kanda ile kwa kazi ile ile iliyokusudiwa. Jina la bendi nilikuja kulijua chuo kikuu, miaka mingi baadaye. Bidhaa ya kwanza ilikuwa imeniuzia ya pili kwa mkopo wa muda mrefu.

Sasa nirudi kwenye malalamiko yangu. Silalamiki kwamba nyimbo hizi ni za kigeni. Nalalamika kwamba video hizi hukata kitu kizima na kutuonyesha upande mmoja. Katika "Terminator 2" kuna mtoto anayeiamuru mashine isiue watu, na mashine inatii, na sinema nzima inazunguka juu ya amri hiyo. Katika video ya wimbo, amri hiyo haimo. Limebaki koti la ngozi na bunduki. Katika "Highlander" kuna mwanamume anayemzika mkewe na kubaki peke yake kwa karne nyingi, na wimbo wa Brian May, "Who Wants to Live Forever", unabeba huzuni hiyo. Katika video ya "Princes of the Universe" tunaona panga likimulika, na kaburi hatulioni. Kijana anayeijua sinema kwa njia ya video tu ataapa kwamba ni habari ya watu wanaofurahia kukata vichwa. Sinema yenyewe, pamoja na upuuzi wake mwingi, inasema karibu kinyume chake.

Kwa nini hukatwa hivyo? Si kwa sababu ya njama ya kutupotosha. Huzuni haikati vizuri juu ya mdundo wa ngoma. Upanga hukata vizuri. Mhariri wa picha ana nukta moja kwa kila kipande, na katika nukta moja mlipuko unaeleweka, majuto hayaeleweki. Hivyo ndivyo sinema ya mapigano ilivyopata sifa mbaya kuliko inayostahili, na aliyeipaka matope ni tangazo lake mwenyewe.

Pengine mnunuzi wa tatu hujiunga. Mwaka 1986 huo huo ilitoka "Top Gun", sinema ya marubani wa jeshi la majini la Marekani. Jeshi liliazima ndege na manowari, na Wizara ya Ulinzi ikaupitia mswada wa sinema. Mwongozaji Tony Scott ndiye pia aliyetengeneza video ya wimbo wake, "Danger Zone", ulioimbwa na Kenny Loggins. Humo mwimbaji amelala kitandani chumbani, na ndege zinapasua mawingu. Katika baadhi ya majumba ya sinema maofisa wa kuandikisha askari waliweka meza zao mlangoni. Mwanamuziki aliuza santuri, kampuni ikauza tiketi, na serikali ya dola kubwa ikauza sare ya jeshi, yote kwa mdundo mmoja. Chama chetu kilipokuwa kikitufundisha neno ubeberu, wengi tulidhani ni lazima lije na mzinga. Linaweza pia kuja na gitaa.

Neno langu la mwisho lahusu nyumbani. Vijana wetu wanaotengeneza sinema na vijana wetu wanaoimba wanakutana kila siku, na wengi wao wamekwisha kuona kwamba wimbo unaweza kuibeba sinema. Tatizo ni karatasi. Mwimbaji mmoja, ambaye hakupenda nimtaje, alinieleza kwamba wimbo wake ulitiwa katika sinema ya hapa hapa kwa makubaliano ya mdomo, chai ikanywewa, na jina lake halikuonekana hata katika maandishi ya mwisho. Alipodai, aliambiwa kwamba ametangazwa bure na hana budi kushukuru. Tunayo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki tangu mwaka 1999. Maofisa utamaduni wa wilaya mliomo humu mnaweza kuisoma kwa jioni moja, na mnaweza kumsomea kijana kama huyo kabla hajanywa chai. Queen walipokubali kuazima sauti yao, jina lao lilibaki katika santuri yao, na nyimbo zilibaki na wenyewe. Ndiyo maana kipindi cha televisheni kilipoanzishwa miaka sita baadaye, wenye kipindi hawakuweza kuuchukua wimbo huo bila idhini.

Ndugu Mwenyekiti, nimeambiwa kwamba mtambo uko tayari. Naomba mapazia yafungwe. Video yenyewe haifiki dakika nne. Mwalimu wa hisabati aliyeketi mbele na atuhesabie mara ngapi tunamwona mwimbaji na mara ngapi tunaona upanga, na mwalimu wa uraia aangalie kama kuna mahali popote anapoonekana mtu akililiwa. Wengine mtazame pale juu ya paa, mtoto wa mtunza fedha wa Unguja atakapoinua fimbo ya kipaza sauti. Ndugu fundi, tafadhali washa.